Leodegar Tenga: Beki Aliyehamia Ofisini

Historia ya soka letu imehifadhiwa zaidi katika majina ya wafungaji. Ukimuuliza mzee yeyote mpenda mpira kuhusu Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980, atakutajia Peter Tino na bao lake la Ndola, kisha Thuweni Ally na mabao yake ya Lagos. Mabeki hawatajwi kwa wepesi huo. Kazi ya beki ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo ambalo halikutokea halina msimulizi. Beki hukumbukwa pale anapojifunga mwenyewe au anapopitwa.

Katika makala hii nataka kumzungumzia beki mmoja wa kikosi kile, Leodegar Chilla Tenga, ambaye baada ya kutundika daluga hakwenda kusimama kando ya uwanja akiwa kocha, kama walivyofanya mabeki wengi, bali aliingia ofisini na hatimaye kuwa Rais wa kwanza wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Ninaiandika nikiwa hapa Tengeru, mahali ambapo siku za soko, Jumatano na Jumamosi, vijana hubishana juu ya Simba na Yanga hadi mihogo ikauzika bila mtu kuhesabu chenji. Vijana hawa wanajua dau la usajili la mchezaji wa Manchester kuliko wanavyojua historia ya chombo kinachoendesha mpira wa nchi yao. Mimi ni mwalimu wa masuala ya jamii, si mchambuzi wa mpira. Kinachonivuta katika maisha ya Tenga ni swali tunalolikwepa katika vyama vyetu, ushirika wetu na Serikali yetu: je, kiongozi mzuri anaacha nini nyuma yake anapoondoka?

Tuanze na nyakati zilizomlea. Vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Nchi ilibaki na deni, upungufu wa mafuta na maduka matupu, na Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Katika hali hiyo ndipo Taifa Stars ilipokutana na Zambia Agosti 1979, ikagombea nafasi ya kwenda Nigeria. Jijini Dar es Salaam tulishinda bao 1-0. Katika mchezo wa marudiano mjini Ndola, Zambia walitangulia kufunga, na Peter Tino akasawazisha mchezo ukielekea ukingoni. Katika ulinzi alikuwamo Jella Mtagwa, beki wa kati, na Tenga, aliyepata kuchezea Yanga na Pan African, alikuwa mmoja wa walinzi wenzake. Fikiri, ndugu msomaji, maana ya sare ile ya ugenini. Tino aliifunga, lakini kabla ya bao lake na baada yake kulikuwa na dakika nyingi za kuzuia, na ushindi wa bao 1-0 wa Dar es Salaam haungekuwa na thamani yoyote kama ukuta ungebomoka Ndola.

Mwalimu wa timu anayekumbukwa kwa kutuvusha alikuwa Mtanzania, Joel Bendera, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa. Hata hivyo, timu ilipofika Lagos Machi 1980 iliorodheshwa chini ya kocha kutoka Poland, Slawomir Wolk. Kwa sisi wakazi wa Tengeru, Wapoland si wageni wa kusikia redioni. Kuanzia mwaka 1942 kulikuwa na kambi hapa iliyopokea takribani wakimbizi 5,000 wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi ya waliofia hapa yanatunzwa hadi leo. Wapoland wale walikuja wakihitaji hifadhi. Mpoland wa mwaka 1980 alikuja kwa sababu sisi tuliamini kwamba tunahitaji mtaalamu. Sina neno baya juu ya mtu yule. Ninachotaka ukikumbuke ni utaratibu wenyewe: mzalendo anaivusha timu, kisha mgeni anakabidhiwa usukani mlango wa mashindano ukishafunguka. Tutaukuta tena mbele ya safari.

Lagos tulipangwa pamoja na wenyeji Nigeria, Misri na Ivory Coast. Tulifungwa 3-1 na Nigeria, bao letu likiwa la Juma Mkambi. Tukafungwa 2-1 na Misri, kisha tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, na mabao yote mawili ya michezo hiyo yakawa ya Thuweni Ally. Tulirudi na pointi moja. Nigeria wakatwaa kombe kwa kuifunga Algeria 3-0. Hakuna aliyedhani wakati ule kwamba Tanzania ingesubiri miaka 39 ili kurudi katika fainali hizo.

Mchezaji wa kizazi kile aliyetaka kubaki katika mpira alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni ukocha. Na mabeki wana sababu ya pekee ya kuifuata. Mshambuliaji hutazama goli. Beki wa kati husimama nyuma ya wenzake tisa na kuuona uwanja mzima mbele yake. Humwona kiungo aliyechoka, humwona winga aliyesahau kurudi, na hulazimika kupanga watu kwa sauti muda wote wa mchezo. Mswidi Sven-Göran Eriksson, aliyefariki Agosti 2024, ni mfano maarufu duniani. Alikuwa beki wa kulia wa timu ndogo za nchini kwake, akaacha kucheza akiwa na umri wa miaka 27 kwa sababu ya goti, akaanza ukocha katika klabu ya Degerfors. Mwaka 1982 aliipa IFK Göteborg Kombe la UEFA, mwaka 2000 akaipa Lazio ubingwa wa Italia, na mwaka 2001 akawa mgeni wa kwanza kuifundisha timu ya taifa ya Uingereza. Mtu ambaye miguu yake haikumpeleka mbali alifikishwa mbali na macho yake.

Lakini maisha ya Eriksson yana ukurasa unaotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Machi 2010, miezi mitatu tu kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, alikabidhiwa Ivory Coast, timu ambayo kocha mwingine, Vahid Halilhodžić, ndiye aliyeivusha hadi huko. Ivory Coast ilitolewa katika hatua ya makundi. Tazama jinsi tabia ile ya mwaka 1980 ilivyokuwa bado hai barani kwetu baada ya miaka 30. Wakubwa wa soka letu wameamini kwa muda mrefu kwamba kocha ni dawa inayomezwa usiku wa kuamkia mtihani.

Tenga hakupita njia ya Eriksson. Alikuwa amesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maisha yake baada ya uwanja yalikuwa ya kazi za kitaaluma na uongozi. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya mchango wake. Mhandisi hufundishwa kwamba daraja likianguka, kumfukuza dereva aliyekuwa akilivuka hakusaidii kitu. Huchunguza msingi. Soka la Tanzania la miaka ya 1990 lilikuwa daraja lililoanguka mara nyingi, na kila lilipoanguka tulimfukuza kocha.

Wenye umri wanakumbuka hali ya chama cha zamani, FAT. Habari zake zilisomwa zaidi kama habari za siasa kuliko za michezo: mivutano ya viongozi, mashauri mahakamani, Serikali kuingilia kati na FIFA kukemea uingiliaji huo. Wadhamini waliogopa, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara anayeweka fedha mahali ambapo hajui kesho atazungumza na nani. Desemba 2004, chini ya katiba mpya iliyoigeuza FAT kuwa TFF, wajumbe walimchagua Tenga kuwa rais. Walimchagua tena mwaka 2008.

Alifanya nini? Kwanza, aliufanya mpira uwe na anwani. Shirikisho likawa na sekretarieti ya watu wa kuajiriwa, kamati zenye mipaka ya madaraka, na vyombo vya kushughulikia nidhamu, uchaguzi na rufaa. Mambo haya hayashangiliwi na mtu. Hakuna aliyewahi kwenda uwanjani na vuvuzela ili kushangilia katiba. Lakini ni kutokana na mambo hayo kwamba kampuni ya bia na benki zilijitokeza kuidhamini Taifa Stars, na Serikali ya Awamu ya Nne chini ya Rais Jakaya Kikwete ikakubali kubeba mshahara wa kocha wa timu ya taifa. Mwaka 2006 akaja Mbrazili Marcio Maximo. Mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja mpya wa Dar es Salaam wenye viti 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China, ambao leo tunauita Uwanja wa Benjamin Mkapa. Watu ambao walikuwa wameiacha timu ya taifa wakarudi, wakivaa jezi na kubeba bendera.

Matunda yakaonekana, japo kwa kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2008 Taifa Stars iliitoa Sudan na kufuzu kwa fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, zilizofanyika Ivory Coast mwaka 2009. Yalikuwa mashindano yetu ya kwanza ya bara tangu Lagos. Tulifungwa 1-0 na Senegal, tukawafunga wenyeji 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa, tukatoka 1-1 na Zambia. Desemba 2010, Kilimanjaro Stars ilitwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam kwa kuifunga Ivory Coast, iliyokuwa mwalikwa, bao 1-0. Aliyefunga kwa penalti alikuwa nahodha, Shadrack Nsajigwa, beki wa kulia, ambaye baadaye naye aliingia katika ukocha. Wakati huo Tenga alikuwa pia kiongozi mkuu wa CECAFA, wadhifa alioushika tangu mwaka 2007.

Haki inatutaka tutaje pia alichokikosa. Katika miaka yake karibu tisa, Tanzania haikufuzu hata mara moja kwa Fainali za Mataifa ya Afrika. Ukuta ulijengwa, lakini mabao hayakupatikana. Na katika suala la makocha, beki aliyeshuhudia mzalendo akikabidhi usukani mwaka 1980 aliongoza shirikisho lililoajiri Mbrazili mmoja na Wadenmark wawili kwa kufuatana: Maximo, Jan Poulsen na Kim Poulsen. Yapo ya kumtetea. Maximo alirudisha nidhamu, na Kim Poulsen alithamini vijana. Hata hivyo, mabeki wetu wa zamani walioingia katika ukocha wa klabu, watu kama Fred Felix Minziro, Jamhuri Kihwelo na Mecky Maxime, waliendelea kuonekana kama makocha wa kukata na shoka kwa timu za mikoani, si watu wa kukabidhiwa taifa. Maxime alikuwa nahodha wa Taifa Stars. Aliijua timu ile kutoka ndani.

Deni hilo lilikuja kudaiwa baadaye. Tulirudi fainali mwaka 2019 nchini Misri chini ya Mnigeria Emmanuel Amunike, tukapoteza michezo yote mitatu. Januari 2024 nchini Ivory Coast, baada ya kufungwa 3-0 na Morocco katika mchezo wa kwanza, kocha Adel Amrouche alisimamishwa kwa sababu ya kauli zake, na timu ikaachwa mikononi mwa Mzanzibari Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco. Alipata sare mbili, dhidi ya Zambia na Kongo, kisha akaivusha timu hadi fainali zilizofuata. Novemba 2025, majuma machache kabla ya fainali hizo, akaondolewa, na nafasi yake akapewa Muargentina Miguel Gamondi. Ndugu msomaji, linganisha na mwaka 1980. Miaka 45 imepita, na utaratibu ni uleule.

Atatokea wa kusema kwamba matokeo yameuhalalisha uamuzi huo, maana Stars ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake kabla ya kutolewa na Morocco kwa bao 1-0. Sibishani na furaha hiyo, nami nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Ninasema tu kwamba tulivuka kwa pointi mbili zilizotokana na sare mbili, sawa na sare mbili alizozipata Mzanzibari yule miaka miwili nyuma. Pointi mbili ni msingi mwembamba wa kutundikia hoja kwamba mgeni anajua na mwenyeji hajui.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika maisha ya Tenga. Muhula wake wa pili ulipokaribia kwisha, alitangaza kwamba hatagombea tena. Katika nchi ambayo mwenyekiti wa chama cha kuzikana hung'ang'ania daftari hadi apokonywe, hili si jambo dogo. Na kuondoka kwenyewe hakukuwa kwepesi. Uchaguzi uliotarajiwa kufanyika Februari 2013 uliahirishwa katikati ya mvutano juu ya katiba na juu ya wagombea walioenguliwa, hadi FIFA ikatuma ujumbe wake. Mtu mwenye tamaa angeuona mvutano ule kama sababu ya kubaki. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 2013, Jamal Malinzi akachaguliwa, Tenga akakabidhi ofisi. Baadaye aliendelea kutumikia umma katika nafasi nyingine, zikiwemo uenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa na ukurugenzi mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda.

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kama kung'atuka ni tabia ya mtu au ni zao la katiba. Huwajibu kwamba huanza kama tabia ya mtu, na hubaki kuwa hivyo mpaka wengine waigeuze kuwa desturi. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985, kitendo chake kingeweza kubaki kuwa hadithi ya mtu mwema. Kilichokifanya kiwe urithi ni ukomo wa mihula miwili uliowekwa katika Katiba na kuheshimiwa na marais waliofuata. Katika soka hatujafika huko. Rais wa sasa wa TFF, Wallace Karia, alichaguliwa mwaka 2017, akachaguliwa tena mwaka 2021 na mwaka 2025, na katika chaguzi hizo mbili za mwisho alikuwa mgombea pekee. Ni haki kusema kwamba katika uongozi wake Stars imefuzu fainali tatu za Afrika, jambo ambalo Tenga hakulipata. Lakini mizani ya mabao na mizani ya taasisi ni mizani mbili tofauti. Timu inaweza kushinda huku chombo kinachoiendesha kikizoea kutokuwa na mshindani, na athari ya mazoea hayo huonekana siku mshindi mwenyewe anapoondoka na kukuta hakuna aliyelelewa kumrithi.

Mambo haya si ya Dar es Salaam peke yake. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika, na mkoa wetu wa Arusha ni miongoni mwa vituo. Uwanja mpya wa watu 30,000 unajengwa Olmoti, na wakazi wa huku Meru tunahesabu faida: vyumba vya kulala wageni, daladala, ndizi na parachichi za kuuza. Ni vizuri kuhesabu. Lakini mashindano yatachukua majuma machache, kisha uwanja utabaki. Nani atautunza? Kamati gani itaamua timu za vijana za Tengeru, Usa River na Ngaramtoni zitaingia lini na kwa ada gani? Hesabu zake zitasomwa mbele ya nani? Sheikh Amri Abeid, uwanja wetu wa zamani, umewahudumia watu wa mkoa huu kwa miongo mingi, na kila mtu hapa anajua tofauti kati ya siku ulipotunzwa na siku ulipoachwa.

Maswali hayo ni ya mabeki. Hayana shangwe, na atakayeyashughulikia ipasavyo huenda asitajwe hata mara moja redioni. Tunao vijana wengi mkoani hapa wanaoota kuwa Mbwana Samatta, nami nawaombea heri. Ningependa pia wawepo wachache watakaojifunza kusoma mizania, kuandika kanuni, kuendesha uchaguzi wa haki, kufundisha timu ya watoto kwa miaka kumi bila kuhama, na kukabidhi ufunguo muda wao ukiisha. Ukuta wa mwaka 1979 ulisimama Ndola kwa dakika 90. Huu mwingine unatakiwa usimame muda mrefu zaidi, na kazi ya kuujenga haiwezi kuachiwa mtu mmoja.